Kivimbe kimerudi palepale kilipokatwa. Ni keloidi kweli?

Mama Neema, Kadutu
Jamani wa Bukavu, naomba anayejua anisaidie. Mdogo wangu hubeba magunia sokoni. Ana kivimbe juu ya bega, kigumu, chekundu-chekundu, hakimuumi mpaka gunia likiguse. Kilianza zamani kama bapa tu chini ya ngozi, yeye akasema ni alama ya mizigo. Hajawahi kupata kidonda hapo. Mwaka jana alikatwa katika kituo kimoja cha afya, wakasema keloidi, yaani kovu lililovimba. Sasa kimerudi na vichwa vitatu. Nimekipima kwa mita yangu ya kushonea, sentimita 5 na nusu. Shangazi anataka tupake majani. Mimi sitaki. Nianzie wapi?

Papa Shukuru, Bagira
Mama Neema, keloidi nayo hurudi. Yangu ya kidevuni imerudi, na niko mzima. Ila msikate tena, kisu ndicho kinaamsha kansa.

Laborantini, Ibanda
Papa Shukuru, kwa heshima yako, hiyo ya kisu siikubali. Watu wanakufa kwa kuogopa biopsi, yaani kukatwa kipande kikapimwe labo.

Mama Neema, kile kipande kilichokatwa kilienda wapi? Kama kilitupwa, basi neno keloidi lilikuwa la macho tu. Mara nyingi keloidi huanzia penye kovu: kidonda, chunusi, chanjo, sikio lililotobolewa. Bapa gumu la begani linalokua polepole miaka na miaka, kisha likaota vichwa, linanifanya niwaze dermatofibrosarkoma. Ni uvimbe wa nadra wa kansa ya ngozi. Darier na Ferrand waliueleza kule Ufaransa mwaka 1924. Kufika mapafuni ni mara chache, lakini chini ya ngozi unatambaa kama ukoka: unang'oa majani, mizizi inabaki. Sisemi ndio huo. Hata ningeliona bega lenyewe nisingesema.

Mwombe munganga wa upasuaji biopsi ya kina, ifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kipande cha juujuu kinadanganya, kinaweza kusomwa kama fibroma ya kawaida, uvimbe usio kansa. Kitiwe mara moja ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, nyingi, mara kumi ya kipande chenyewe. Si maji ya chumvi. Na chombo kiwe na mdomo mpana! Tumeletewa kipande ndani ya chupa ya soda. Kilishakuwa kigumu, kutoka kikakataa. Jina liandikwe ubavuni mwa chombo, vifuniko hubadilishana. Mpatholojia, yule anayesoma kipande kwa darubini, akibaki na shaka ataomba kipimo cha CD34, protini ambayo kwa kawaida seli za uvimbe huu huwa nayo. Si kila labo inacho, lakini bloku ya parafini, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya nta, inaweza kusafiri na mgonjwa akabaki nyumbani.

Jibu litangulie upasuaji mkubwa, kwa sababu ikiwa ndio huo, watakata na sentimita 2 hadi 3 za ngozi nzima pande zote.

Muuguzi, Kadutu
Mtazameni na miguu. Madoa ya zambarau na uvimbe, tuwaze Kaposi, kansa inayotokea kwenye ngozi, ambayo huku mashariki ilikuwepo hata kabla ya Ukimwi. Kipimo cha VVU afanye tu.

Mama Neema, Kadutu
Aksanti sana. Miguu haina kitu. Nimeuliza kituoni, kipande kilitupwa. Yeye anauliza kama siku ya biopsi anaweza kubeba.

Laborantini, Ibanda
Bega hilo hapana, mpaka nyuzi zitolewe. Na munganga aambiwe kwamba kilishakatwa. Aandike hivyo kwenye karatasi ya labo.