Naombeni ushauri: baada ya Silas Lapham nisome kipi cha Howells?

Wakuu, shikamooni, wa rika langu, mambo vipi. Nimemaliza The Rise of Silas Lapham (1885) ya William Dean Howells, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Yule tajiri mtengenezaji wa rangi za kupaka anajenga jumba Boston, linaungua hata hajahamia, na bima ilikwisha wiki moja tu nyuma! Niliumia kama langu.

Sasa niko njia panda: A Modern Instance (1882), ya ndoa inayovunjika, au A Hazard of New Fortunes (1890), yenye mgomo wa tramu New York?

Howells mwenyewe ananivutia pia: 1887 aliwatetea hadharani waliohukumiwa kunyongwa kesi ya Haymarket (ya bomu lililolipuka kwenye mkutano wa wafanyakazi Chicago), waandishi wengi wamenyamaza. Uhakiki wake, Criticism and Fiction (1891), unasomeka kwa mwenye Kiingereza cha kuungaunga?