Kikantoni cha kuhesabia pesa: Pimsleur au mwalimu?

Mzigo_Kkoo: Wakuu, safari imekaribia. Nataka Kikantoni, kile Kichina cha kusini, cha bei na hesabu tu. Nilipie Pimsleur, yale masomo ya sauti, niwe nasikiliza kwenye daladala, au nitafute mwalimu wa video?

Bi_Shungi: Safari ya wapi? Lini? Unafuata nini? Umeficha yote halafu unataka jibu.

TemboMzee: Kama ni Guangzhou, achana na Kikantoni. Wauzaji wengi pale wametoka mikoa mingine, Kimandarini, Kichina cha taifa, ndicho kinachotembea.

Mzigo_Kkoo: Samahani dada. Hong Kong, mtaa wa Sham Shui Po, simu za mtumba. Mwezi ujao.

Bi_Shungi: Basi mwalimu. "Maai" ni kununua, na "maai" ni kuuza! Moja sauti inapanda kidogo, nyingine inalala chini. Nani atakukosoa kwenye daladala?

Kobe_Tanga: Mimi namba nilizijua, nikajiona mjanja. Muuza makava akanitajia "baak saam" kwa dazeni. Baak ni mia, saam ni tatu, nikaandika 103, nikaagiza dazeni 40. Siku ya kulipa ananidai dola 1,080 za Hong Kong zaidi. Nikapandisha hasira, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Kumbe "baak saam" ni 130! 103 ni "jat baak ling saam", lile "ling" ndiyo sifuri. Nililipa kimya kimya, siku tatu nikashindia mkate.

TemboMzee: Hata Kimandarini ni hivyo hivyo, usiwasingizie Wakantoni.

Kobe_Tanga: Nani kamsingizia mtu, mzee?

Mama_Nasra: Kinachovuruga zaidi ni "maan", elfu kumi. Laki kwao ni "sap maan", milioni "baak maan". Na ukisikia "baat zit" usishangilie, hujapunguziwa asilimia 80. Hiyo 80 ndiyo unayolipa.

Dogo_Chaja: Mnajitesa bure. Kikokotoo kinaongea lugha zote. Mimi najua "gei do cin", bei gani, na "peng di laa", punguza kidogo. Mwaka wa nne huu.

Bi_Shungi: Na akikupigia simu akutajie bei, utamwonyesha kikokotoo?

Dogo_Chaja: Namwambia aandike WhatsApp 😂

Mzigo_Kkoo: Kwa hiyo mwalimu? Wanachaji ngapi kwa saa?

Kobe_Tanga: Inategemea. Kwanza mzigo unarudi kwa ndege au meli?

Dogo_Chaja: Hapo ndipo penye maneno. Simu zina betri, wasafirishaji wengine hawazipokei.