Kevo analala msituni

Kundi la familia: Watoto wa Kukhu (bibi), Nakuru na Kisumu

Kevo: Hamjambo watu wangu. Huku Idaho, Marekani, ni saa tano usiku, najua kwenu kumekucha. Kesho tunatoka Ketchum kupanda Redfish Lake, ziwa la mlimani ndani ya msitu wa kitaifa wa Sawtooth. Tumekodi gari-nyumba. Mtandao ukipotea msikimbie polisi.

Mama Kevo: Gari-nyumba ndiyo nini, matatu yenye kitanda?

Kevo: Kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, bafu na choo. Futi 25 hivi.

Kukhu: Choo kiko ndani ya gari mnalolala?

Kevo: Ndiyo Kukhu. Kina mlango.

Kukhu: Na uchafu unaenda wapi

Kevo: Chini kuna matangi matatu. Moja la maji safi, moja la maji ya sinki na bafu, moja la choo. Yakijaa unaenda kituo chake, unavaa glavu, unaunga bomba. La choo linafunguliwa kwanza, la sinki baadaye, ndiyo maji yake yasuuze bomba. Ukimwaga msituni unapigwa faini.

Bobo: Yaani ulipanda ndege kwenda kuendesha egzosta la kunyonya vyoo 😂😂

Ankol Wafula: Bobo tulia. Kevo, barabara ikoje?

Kevo: Lami safi Ankol, lakini kuna mlima wa kuvuka, Galena Summit, kama mita 2,650. Chini kidogo tu ya Timboroa ya huko kwetu. Halafu tunateremka bonde la Stanley.

Ankol Wafula: Sasa sikiza. Kupanda si kazi. Huko juu hewa ni nyepesi, injini itapungukiwa nguvu, iache iende polepole. Kazi ni kuteremka. Wewe umekulia hapa, unajua mteremko wa Salgaa ulimaliza watu wangapi. Dereva anaweka free aokoe mafuta, anakalia breki, zinachemka, zinakataa. Gari la aina hiyo tangi zikiwa zimejaa ni lori, usidanganywe na kitanda. Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Breki gusa, achilia, gusa. Ukinusa kuungua, tafuta pembeni usimame.

Kevo: Ni otomatiki, Ankol.

Ankol Wafula: Otomatiki pia ina gia ndogo. Soma kitabu chake leo, si mteremkoni.

Mama Kevo: Asante shemeji. Huyu hanisikii mimi.

Anti Beti: Usiku kuna baridi?

Kevo: Sana. Wenyeji wa Stanley wanasema barafu inaweza kushika mwezi wowote, hata huu wa Agosti. Na ziwa liko mita 2,000 tu, Nakuru mko kama 1,850. Ila nyinyi mko karibu na ikweta, huku ni latitudo ya 44.

Anti Beti: Ndiyo nauliza. Kila msimu wa baridi wodini tunaletewa watu waliolala na jiko la makaa, madirisha yamefungwa. Wengine hawafiki. Ile hewa haina harufu, unasinzia tu. Hita yenu inatoa moshi wapi?

Kevo: Ya gari inachoma gesi kwenye chumba chake, moshi unatoka nje kwa bomba. Na kuna king'ora cha kaboni monoksaidi.

Anti Beti: Kijaribu kabla hujalala, kina kitufe. Jiko la kupikia si la kuota. Na jenereta isiwekwe karibu na dirisha, lenu wala la jirani.

Kevo: Sawa Anti.

Mama Kevo: Wanyama je?

Kevo: Kuna dubu weusi. Chakula hakiachwi nje hata kidogo, hata dawa ya meno, inawavuta. Kila kitu kinafungiwa ndani ya gari.

Bobo: Hao ni nyani wa Makalia, pale mbugani Nakuru, waliovaa koti. Walitunyang'anya mkate na siagi tukiwaangalia.

Senge (shangazi) Rosa: Na samaki? Mnazungumza ziwa zima hakuna anayeuliza samaki.

Kevo: 😄 Senge nilikuwa nakungoja. Kuna sockeye, jamii ya salmoni. Anazaliwa hapo ziwani, anateremka na mito hadi Pasifiki, akikomaa anarudi palepale kutaga. Kilomita kama 1,450 akipanda, na mabwawa manane ya umeme njiani. Mwaka 1992 alirudi dume mmoja peke yake. Wakampa jina, Lonesome Larry. Analindwa kisheria tangu 1991, na wanalea vifaranga wanawaachilia.

Senge Rosa: Huyo ni ningu wetu kabisa. Mvua ikianza alikuwa anatoka Ziwa Victoria anapanda mito ya Nyando na Nzoia kutaga. Watu wakaziba midomo ya mito kwa nyavu kabla hajapita. Leo ukimpata soko la Kisumu ni bahati yako. Mabwawa manane! Huyo Larry alikuwa mwanaume.

Bobo: Kufika hakuna mke.

Kukhu: Bobo.

Bobo: Pole Kukhu 🙏

Bobo: Ankol, ile Nissan iliyolala nyuma ya nyumba haiwezi kuwekwa vitanda? Desemba twende Mlima Elgon, tuingilie geti la Chorlim, tuone lile pango ndovu wanachimba chumvi.

Ankol Wafula: Ina kuku.

Bobo: Kuku watahama

Ankol Wafula: Na mvua ikinyesha Elgon unataka gari linalovuta magurudumu manne. Hiyo hata mawili inavuta kwa kuombewa.

Kukhu: Mimi siendi mahali choo kiko ndani ya gari

Kevo: Nalala sasa. Jumatano saa nne usiku nitashuka Stanley kutafuta mtandao, kwenu itakuwa Alhamisi saa moja asubuhi.

Mama Kevo: Alhamisi saa moja niko njiani naenda chama Njoro. Mpigie Ankol, atataka kujua za breki.