Soka la chuo Marekani pamoja na uhandisi: malengo yaandikweje?

winga_kulia
Habari wakuu. Namaliza darasa la 10 hapa Marekani, nacheza winga ya kulia. Nataka soka la chuo, Divisheni ya I (ngazi ya juu kabisa) ikiwezekana, na digrii ya uhandisi mitambo. Kocha katuambia tuandike malengo ya miaka miwili. Nimeandika "kupata skolashipu", nikakwama hapo. Mtu huandika nini hasa?

Msajili
Skolashipu anaitoa kocha wa chuo, hilo huliwezi. Andika yaliyo mikononi mwako, uanzie darasani. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa Divisheni ya I inadai masomo ya msingi 16, yakiwemo Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3 kuanzia aljebra ya kwanza, na sayansi miaka 2. Wastani wa alama (GPA) wa masomo hayo usishuke chini ya 2.3. Kwa uhandisi hicho ni kiwango cha kuokoa jahazi tu. Chuo chenyewe kitataka zaidi.

Wengi hunasa hapa: masomo 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla hujaanza darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Baada ya hapo alama za yale 10 zimefungwa. Kemia ikiwa mojawapo, ukiirudia darasa la 12 ukapata A, haikusaidii kitu NCAA.

Halafu GPA ya kwenye ripoti ya shule isikudanganye. NCAA wanahesabu masomo ya msingi peke yake; A ya mazoezi ya viungo haimo. Mwombe mshauri wa shule orodha ya masomo yaliyoidhinishwa, upige hesabu mwenyewe wiki hii. Kozi ya mtandaoni isiyo kwenye orodha haihesabiwi hata ukipata A.

beki_mstaafu
Upande wa uwanja: makocha wa Divisheni ya I wanaruhusiwa kukuandikia kuanzia Juni 15 baada ya darasa la 10. Kabla ya hapo ukimya wao ni kanuni, si dharau.

Video iwe dakika 3 hadi 4, vipande vikali mwanzoni. Jiwekee alama ya duara kabla mpira haujakufikia, maana kocha anataka kuona ulivyojipanga kabla ya kupokea. Kwa winga: kumtoka beki, krosi za kukimbia, mguu dhaifu, na mbio za kurudi kukaba. Hizo za mwisho vijana huziacha, na ndizo zinazotafutwa. Muziki toa. Mechi nzima moja iwe tayari, utaombwa.

Kichwa cha barua pepe: mwaka wa kuhitimu, namba unayocheza, GPA. Na jina la kocha liwe sahihi, jamani. Barua iliyonakiliwa kwa vyuo 60 inajulikana mstari wa kwanza.

winga_kulia
Asanteni. Divisheni ya III nisiihesabu?

Msajili
Ihesabu. Haina skolashipu ya michezo, lakini ina misaada ya kitaaluma na ya kipato, na MIT wanacheza huko huko.

Popote uendako, mwulize kocha mazoezi ni saa ngapi na ana wanafunzi wangapi wa uhandisi kikosini sasa hivi. Kama ni sifuri, uliza kwa nini. Maabara nyingi huwa mchana, na mazoezi ya jioni huanza kabla hazijaisha. Divisheni ya I kikomo cha msimu ni saa 20 kwa wiki, ila safari na matibabu hayahesabiwi, na mechi huhesabiwa kama muda wa saa tatu tu hata ikikula siku nzima.

Msimu ni wa vuli, kwa hiyo muhula huo chukua mzigo mwepesi, lakini usishuke chini ya kredit 12 (vipimo vya uzito wa masomo). Fizikia yenye maabara ipeleke machipuko kama chuo kinaifundisha mihula yote miwili. Ukiingia mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya digrii uliyoitangaza. Anayehama fani wakati huo hukuta kredit zake nyingi hazihesabiki.