Fumbo la "Abiria Mmoja Zaidi": herufi inaongezwa wapi?

Mwana wa Kibokoni

Assalamu aleikum ndugu zangu na wazee wangu. Katika baraza yetu hapa Mji wa Kale kuna mwalimu mstaafu ambaye kila Ijumaa baada ya alasiri hutugawia karatasi yenye chemshabongo aliyoitunga mwenyewe, na atakayeikamilisha hunywa kahawa bila kulipa mpaka Ijumaa inayofuata. Kwa kawaida huimaliza kabla kahawa yangu haijapoa, lakini hii ya juzi inanisumbua kwa siku ya nne sasa.

Kichwa chake ni "Abiria Mmoja Zaidi", na maelezo nimeyanakili kama yalivyo: "Katika vidokezo sita vyenye nyota, neno moja hupakia herufi moja likawa neno jingine. Neno lililokwisha kupakia ndilo linaloandikwa. Wasome abiria kwa mpangilio wa namba, ujue wanakokwenda." Vidokezo vyenyewe ni hivi:

1. Hutaja wakati, akipanda mmoja, hukusanya waumini (4)
4. Si kisiwani, akipanda mmoja, mwanasheria huinukuu (5)
7. Huelea baharini, akipanda mmoja, hutandikwa (7)
9. Hulaliwa, akipanda mmoja, huunguza (4)
12. Huharibu kanzu, akipanda mmoja, huhitaji mashahidi (4)
15. Huogopwa na waogeleaji. Akipanda mmoja, humenywa (5)

Namba 9 nimeipata: mto wa kulalia umepakia O ukawa moto. Namba 1 nilidhani ni swala, kama tunavyosema nyumbani, lakini swala ina herufi tano na visanduku ni vinne. Katika namba 7 nimejaribu jahazi, dau na mashua. Hiyo mashua nimeiandika SH katika kisanduku kimoja, nikafuta, nikaandika tena, mpaka karatasi imetoboka mahali hapo. Naomba kueleweshwa mambo mawili: je, SH huhesabiwa herufi moja au mbili, na je, kuna njia ya kukisia mahali herufi inapoongezwa, au mtu hujaribu alfabeti nzima? Tafadhali msinitajie majibu yote, kwa sababu nataka kahawa yangu iwe halali.

Fundi wa Visanduku

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali la kwanza limekwisha kujibiwa na mtungaji mwenyewe, kwa sababu idadi aliyoiweka kwenye mabano ndiyo sheria. Hesabu herufi za neno unalolifikiria, SH ikiwa moja, kisha uzihesabu SH ikiwa mbili, ujumlishe abiria mmoja, uone ni hesabu ipi inayofika saba.

Swali la pili ndilo lenye utamu. Tatizo letu sisi tuliolelewa na Kiswahili ni kwamba tunasikia silabi kabla hatujaona herufi. Kumbuka kinyume tulichozungumza utotoni ili wakubwa wasituelewe: nyumba ilikuwa mbanyu, yaani silabi ya mwisho ilirukia mbele ikiwa nzima, wala hakuna mtoto aliyewahi kuivunja. Fumbo la kuongeza herufi hufanya kinyume cha hicho kinyume, kwa kuwa huivunja silabi katikati. Chukua nzi: ukimpa A anakuwa nazi, na nazi ukiipa G inakuwa ngazi. Ukiyatamka maneno hayo matatu kwa sauti, sikio halitakuambia kwamba ni ndugu, lakini ukiyaandika moja chini ya jingine utaona kwamba ni neno lilelile linaloendelea kupakia. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba usiyatamke, bali uyaandike kwa herufi kubwa zilizoachana, hata ikibidi nyuma ya risiti.

Baada ya hapo, lugha yenyewe itakupunguzia kazi. Q na X hazimo katika Kiswahili sanifu. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo abiria akiwa konsonanti hawezi kuketi kiti cha nyuma kabisa, ilhali irabu huweza kuketi popote, hata mwishoni. Katikati ya neno, konsonanti hupenda kuingia panapokaa irabu mbili bila kitu baina yao. Ndivyo paa anavyokuwa paka au paja, na ndivyo kuu inavyokuwa kuku. Mimi huviita viti vitupu, na katika vidokezo vyako ninaviona viti vitupu viwili, ukiyapata maneno mafupi yanayokusudiwa.

Mbele ya konsonanti nyingine, N na M ndizo zinazokaribishwa mara nyingi zaidi: gome huwa ngome, bao huwa mbao, na hata wezi, kwa kuongezewa M, huwa mwezi unaowaumbua. H ni mjanja, kwa sababu hubadilisha sauti ya herufi inayoitangulia, kama kasa anavyokuwa kasha. C huja tu pale ambapo H imekwisha kumtangulia kuketi, na mfano wangu nipendao ni hai inayokuwa chai.

Tahadhari moja: neno fupi moja huweza kuwa na abiria wengi wanaogombania kiti kilekile. Embe huwa jembe, pembe na wembe, na yote matatu ni sahihi. Nusu ya pili ya kidokezo ndiyo inayoamua, na ikishindwa, herufi za majibu yanayokatiza zitaamua.

Mama Makadara

Mwanangu, Fundi amekufundisha vizuri, lakini nadhani kinachokukwamisha ni msamiati zaidi kuliko herufi. Hilo neno la namba 1 lina tahajia mbili na zote zimo katika kamusi. Wewe umeshika ile yenye W kwa sababu ndiyo ya nyumbani, na mtungaji ameshika nyingine. Ungeanzia kwenye kinachotaja wakati, badala ya kuanzia kwa waumini, usingepotea. Hata katika namba 4 nahisi mtego ni huohuo. Mwanasheria ananukuu nini? Sisi hapa husema kifungu, lakini ukifungua Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 utakuta vipande vyake vinaitwa kwa neno jingine.

Namba 12 sikupi, ila nitakuambia kwamba nimelifua jambo hilo la kanzu kwa miaka mingi, na ndimu na chumvi haziliondoi kila mara.

Hata hivyo nina lalamiko juu ya mwalimu wenu. "Huelea baharini" ni kidokezo kipana mno. Hata kifuu cha nazi huelea! Mtungaji anapoificha herufi, haki ni kwamba neno fupi alifafanue kwa usahihi, kwa sababu mjibuji anabahatisha mambo mawili kwa pamoja.

Msomaji wa Nyali

Shikamoo Mama Makadara. Naomba kutofautiana nawe kidogo juu ya haki. Mchezo huu wa herufi za ziada ulikuzwa sana nchini Uingereza, hasa katika mafumbo ya The Listener, jarida la BBC lililoanza kuyachapisha mwaka 1930. Jarida lilipofungwa mwaka 1991, mafumbo yake yalihamia gazeti la The Times na hadi leo yanaendelea. Huko ni jambo la kawaida herufi zinazobaki au zinazoongezwa katika vidokezo kuunda ujumbe, na mara nyingine ujumbe huo humwamuru mjibuji abadilishe kitu katika jedwali alilodhani amelimaliza. D. S. Macnutt, aliyelitungia gazeti la The Observer kwa jina la Ximenes na aliyekuwa mkali sana juu ya uadilifu wa vidokezo, alishikilia kwamba mtungaji ana ruhusa ya kupoteza watu njia mradi kila neno la kidokezo liwe na kazi yake. Kwa kipimo hicho mwalimu amejitetea: ametangaza mapema kwamba kuna abiria, ametaja idadi ya visanduku, na kila kidokezo kinafafanua maneno yote mawili. Upana wa "huelea" unasawazishwa na ufinyu wa "hutandikwa", kwa sababu vitu vinavyotandikwa si vingi.

Kwako, Mwana wa Kibokoni, ujumbe uliofichwa haukuwekwa kwa ajili ya pambo la mwisho. Ni chombo cha kazi. Ukishapata abiria watatu au wanne, acha vidokezo kwa muda ujiulize: abiria wa Mombasa, wakipanda chombo, huwa wanakwenda wapi? Kisha rudi nyuma na herufi unazozihitaji, uone zinaingia katika maneno gani.

Mwana wa Kibokoni

Nawashukuru nyote, na wewe Mama Makadara shikamoo yako nilikuwa nimeisahau. Nimemaliza jana usiku, na kwa kuwa muda wa shindano umepita naweza kueleza. Viti vitupu vya Fundi vilinipa viwili kwa mpigo: saa ilipakia L ikawa sala, na mashua, SH ikiwa katika visanduku viwili kama ilivyopasa tangu mwanzo, ilipakia K ikawa mashuka. Kanzu ya Mama Makadara ilinipa doa, na N ya mbele ikalifanya ndoa. Nikawa na L, pengo, K, O, N, pengo, na hapo sikuhitaji kuuliza tena abiria wetu wanakwenda wapi, kwa sababu mimi mwenyewe huvuka Likoni kwa feri mara mbili kila siku.

Yaliyobaki niliyapata kwa kurudi nyuma nikiwa na I mkononi. Bara ilipakia I ikawa ibara, neno ambalo kweli nisingelifikia kwa njia ya kifungu. Lililonifurahisha zaidi ni la mwisho. Nilikuwa nikimtafutia papa konsonanti kwa siku nne, kumbe abiria wake ni irabu, ameketi kiti cha nyuma kabisa: papai.

Nilipoipeleka karatasi yenye tundu, mwalimu aliniuliza ni nani aliyenisaidia, nami nikasema ukweli. Amehukumu kwamba kahawa nitalipa mwenyewe, ila kashata ni juu yake. Fumbo la Ijumaa ijayo, anasema, abiria watashuka badala ya kupanda, na kidokezo cha kwanza ametutajia kabisa: "Hulima, akishuka mmoja, huliwa (4)." Hicho, kwa sababu ya Fundi, nilikijibu nikiwa bado nimesimama.