Shule ya sekondari ya mkataba mjini Columbus: ni ya umma au ya watu binafsi?

Mzigua wa Chumbageni ameuliza:

Assalaam aleikum wanajukwaa, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Ninaandika kutoka Tanga kwa niaba ya binamu yangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Yeye ni katika wale Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu katika karne ya 19 wakaishia kandokando ya mto Juba. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi yao walirudi huku na leo wako Chogo, Handeni, wakiwa raia wa Tanzania; wengine, yeye akiwamo, walipitia kambi ya Kakuma na kupelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003.

Binti yake ana miaka 14, anamaliza darasa la 8, na amepata nafasi katika shule ya sekondari ambayo karatasi zake zinaiita "shule ya jamii". Anasema wanafunzi wake ni mchanganyiko wa Wasomali, Wanepali, Wamarekani weusi, Walatino na Wakongo. Shule haitozi ada, lakini haiko chini ya wilaya ya elimu ya mji; ina bodi yake yenyewe, ina mkataba, na mkataba huo umetiwa saini na "mfadhili". Nafasi yenyewe ilipatikana kwa kura ya bahati nasibu. Huku kwetu mtu akikuambia kuna kitu cha bure, kinagawiwa kwa bahati nasibu na kina mfadhili nyuma yake, lazima uulize mara mbili. Je, hiyo ni shule ya umma? Mfadhili huyo anatafuta nini? Binamu anataka jibu kabla ya kuthibitisha nafasi, na mimi sina la kumwambia.

Mwalimu Kisosora amejibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Niliishi Columbus miaka sita nikisoma na kufundisha, kwa hiyo nitajaribu kufafanua, nikianza na maneno, kwa sababu maneno ndiyo yanayokutatiza.

Hizo ndizo shule ambazo sehemu nyingine za Marekani huitwa shule za mkataba. Jimbo la Minnesota lilikuwa la kwanza kuzitungia sheria, mwaka 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka uliofuata. Ohio ilitunga sheria yake mwaka 1997, ikaamua kuziita shule za jamii, na hapo ndipo Mtanzania anapopotea, kwa sababu kwetu shule ya jamii ni ile ambayo wananchi walichangia matofali na mchanga. Kule hakuna mwananchi aliyechimba msingi. Kundi la watu huunda bodi, huandika mpango wa shule, kisha huomba mkataba wa miaka kadhaa, na fedha za jimbo humfuata mwanafunzi hadi shuleni hapo.

Neno "mfadhili" nalo linadanganya. Mfadhili wa Ohio hatoi hata senti moja. Yeye ndiye anayetoa mkataba na kuisimamia shule, na sheria inamruhusu kuitoza shule hadi asilimia 3 ya fedha inazopata kutoka jimboni kwa kazi hiyo. Ningekuwa mimi ningemwita msimamizi, na mashaka yako yote yangepungua nusu.

Kwa hiyo, ndiyo, ni shule ya umma. Hairuhusiwi kutoza ada, kufundisha dini, wala kuchagua watoto kwa akili zao. Waombaji wakizidi nafasi, sheria inataka kura ipigwe, na hiyo ndiyo bahati nasibu uliyoisikia: haina uhusiano wowote na kamari, ni njia ya kumzuia mwalimu mkuu asijaze madarasa kwa watoto wa wakubwa. Mitihani ni ileile ya jimbo. Binti atatakiwa kufikia kiwango katika Aljebra na Kiingereza ndipo apate cheti, sawa na mwenzake wa shule ya wilaya.

Mstaafu wa Makorora amejibu:

Ninamshukuru Mwalimu Kisosora kwa ufafanuzi, ila ameeleza sheria ilivyoandikwa, na mimi niliyefundisha miaka thelathini na minne katika mkoa huu ninajua kwamba sheria na shule ni vitu viwili.

Tazameni tofauti kubwa iliyojificha humo. Huku bodi ya shule ipo, hukutana, hunywa chai na kusaini muhtasari, lakini haiajiri mwalimu hata mmoja. Walimu ni wa serikali, na shule ya kata ikifanya vibaya namna gani, mwakani itafunguliwa kengele ikigongwa. Bodi ya Columbus huajiri na hufukuza, na mara nyingine huikabidhi kampuni uendeshaji wote. Mkataba usipofanywa upya, shule hufungwa. Wanaozitetea husema huo ndio uzuri wake, kwamba shule mbovu haiwezi kuishi milele, na sikatai kuwa nimewahi kuzifahamu shule ambazo ningependa zifungwe. Lakini mzazi ajiulize: ikifungwa mwezi wa kwanza, mwaka wa masomo wa kule ukiwa katikati, mtoto ataenda wapi?

Sisemi jambo la kubuni. Ohio hiyohiyo ilikuwa na shule ya mkataba ya kufundishia kwa intaneti, iliyojulikana kwa kifupi kama ECOT. Jimbo lilipokagua mahudhurio ya mwaka wa masomo 2015 hadi 2016, kati ya wanafunzi zaidi ya 15,000 waliolipiwa, waliothibitika kusoma kwa muda unaotakiwa walikuwa karibu 6,300 tu. Ikadaiwa irudishe mamilioni ya dola, ikashindwa, na Januari 2018 ikafungwa, na wanafunzi wapatao 12,000 wakaachwa watafute shule nyingine. Nayo ilikuwa ya umma.

Mwalimu Kisosora amejibu:

Mzee wangu, sipingi, na ECOT ni aibu ambayo hakuna mtu mjini Columbus aliyeisahau. Hata hivyo ile ilikuwa shule ya kompyuta isiyo na jengo la watoto kuonekana. Shule anayoizungumzia ndugu yetu ina madarasa, na binamu anaweza kwenda kuona kwa macho yake.

Bint Pangani amejibu:

Naomba niongeze mambo ambayo kina baba wameyapita. Mimi ni mama wa watoto wawili, na dada yangu analea wake huko Ohio.

La kwanza ni lugha. Watoto wetu hapa humaliza darasa la 7 kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza kama mtu aliyesukumwa baharini kutoka bandarini, aogelee au azame. Kule, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1974, shule ya umma hairuhusiwi kumkalisha tu darasani mtoto asiyekijua Kiingereza. Ni lazima imsaidie kukifikia, na wajibu huo unaibana shule ya mkataba pia. Binamu aulize ni walimu wangapi wa Kiingereza kwa wageni wapo shuleni, wala asiridhike kuambiwa "tunajali watoto wa mataifa yote" huku akionyeshwa bendera zilizotundikwa ukutani.

La pili ni usafiri, na hili ndilo lililomtoa dada yangu jasho. Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya kuwabeba watoto hadi darasa la 8 wanaoishi mbali na shule. Wa sekondari hailazimishwi. Kama shule iko upande wa pili wa mji na baba anaingia kazini usiku, kuna siku za theluji ambazo binti hatafika.

Mzigua wa Chumbageni amejibu:

Nimezungumza na binamu jana usiku, nikamsomea majibu yenu yote. Neno "mfadhili" lilimchekesha sana, kwa sababu miaka yote kambini mfadhili alikuwa mtu wa kumshukuru. Mkataba wa shule hiyo unamalizika baada ya miaka miwili, yaani binti akiwa katikati ya masomo, jambo ambalo hakuna aliyemwambia siku ya kujiandikisha. Basi la jiji lipo, lakini ni mawili ya kubadilisha. Amepanga kwenda shuleni Jumanne kuonana na walimu wa lugha na kuomba kuona taarifa ya mwisho ya mfadhili, na nafasi ya shule ya wilaya hajaiachia.