Ulinganisho: D2 ya nusu gharama, chuo cha miaka miwili, au mwaka wa maandalizi? Kocha anataka jibu Ijumaa

BabaWatano (Des Moines, Iowa), Jumatatu saa 4 usiku

Wakuu, poleni na majukumu. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza kikapu. Zimemjia njia tatu, na Ijumaa hii lazima nimpe jibu kocha wa njia ya kwanza.

Ya kwanza ni chuo cha Divisheni 2 (D2, ngazi ya pili ya michezo ya vyuo), saa nne kwa gari kutoka hapa, wanatoa nusu ya gharama. Ya pili ni chuo cha miaka miwili humuhumu Iowa, wao wanalipa ada na malazi yote. Ya tatu ni shule ya maandalizi jimbo lingine. Anakaa mwaka mmoja, na wanasema akitoka hapo vyuo vya D1, ngazi ya juu kabisa, vitamgombania. Hao wanataka dola 18,000 kutoka mfukoni mwangu.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku kiwanda cha nyama, mambo haya siyajui. Kipaji anacho, kila mtu anasema. Ninachoshindwa kupima ni kama ana moyo. Ipi bora?

KochaSeif (Wichita, Kansas), Jumatatu saa 5 usiku

Ndugu, umetuletea mgonjwa bila kutuambia anaumwa wapi. Urefu? Anacheza nafasi gani? Umri? Ana makaratasi gani, green card au visa ya mwanafunzi? Wastani wa alama zake ni ngapi, na usinipe ule wa jumla, nataka wa masomo ya msingi, yaani Kiingereza, hesabu, sayansi na kadhalika. Una video ya mechi nzima? Ile ya dakika mbili yenye muziki usinitumie.

Mchambuzi_DSM, Jumanne saa 1 asubuhi

Mkuu, D1 au basi. Kijana akishaingia D2 ndiyo kasahaulika. Hasheem Thabeet alitoka Makongo hapa Dar, akapitia shule Houston, akatua chuo kikuu cha Connecticut (UConn), na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA nzima. Angeridhika na vya karibu leo tusingemjua. Lipa hiyo 18,000, utairudisha.

Njoro_254 (Dallas), Jumanne saa 2 asubuhi

Atairudisha na nini boss? NCAA wenyewe, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wanasema vijana wanaocheza kikapu high school, wanaofika D1 ni kama mmoja kwa mia. Mimi ni nesi, nimesoma kwa pesa yangu mwenyewe, sijawahi kufunga hata kikapu kimoja na nyumba ninayo. Mwambie asome.

BabaWatano, Jumanne saa 4 asubuhi

Samahani wakuu, nilikuwa nimetoka kazini nikalala. Urefu futi 6 na inchi 5. Anacheza senta. Pointi 17 kwa mechi. Wastani wake 2.6 kati ya 4. Tuna green card, tuliingia kama wakimbizi mwaka 2019. Miaka 18, tarehe 1 Januari.

Njoro_254, Jumanne saa 4 asubuhi

Tarehe 1 Januari 😂 Hapo sasa. Kocha atauliza huyo ni 18 ama ni 22.

BabaWatano, Jumanne saa 5 asubuhi

Ndugu yangu, hapo usicheke. Amezaliwa kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nilikuwepo. Ni mwezi wa nane. Siku tunahojiwa karani aliandika mwaka tu, tarehe na mwezi ikawa 1 Januari. Nyumbani kwangu watu watatu wana birthday siku moja, keki tunakata moja.

MamaTumaini (Indianapolis), Jumanne saa 6 mchana

Njoro umekosea kaka, omba radhi. Nusu ya kanisa letu wamezaliwa 1 Januari.

Njoro_254, Jumanne saa 6 mchana

Pole mzee, nimefuta kauli.

KochaSeif, Jumanne saa 2 usiku

Sasa tunaweza kuongea. Nitakuwa mrefu kidogo, nivumilieni.

Futi 6 na inchi 5, senta. Sekondari za Iowa huyo ni mnara. Chuoni ni urefu wa gadi, mchezaji wa nje anayeukokota mpira. Pointi zake 17 anazipata akiwa chini ya pete, amewapa mgongo watoto wa futi 6. Akifika chuoni nyuma yake kuna mtu wa futi 6 na inchi 9 mwenye kilo 110. Swali la kwanza la kocha yeyote: anaweza kuukokota mpira kwa mkono wa kushoto? Mitupo huru anaingiza mingapi kwa kumi? Mitupo huru ndiyo inayoniambia kama mkono unafundishika.

La pili ni alama. 2.6 yako ni ya jumla, na humo kuna uchoraji na mazoezi ya viungo. NCAA wanahesabu masomo ya msingi 16. D1 wanataka 2.3 humo, D2 wanataka 2.2. Mtihani wa SAT waliuondoa 2023, kwa hiyo kila kitu kimebaki kwenye alama. Tena kijana wako kaja 2019, bila shaka alianzia madarasa ya Kiingereza cha wageni. Mengi ya hayo hayahesabiwi. Nenda kwa mshauri wa shule KESHO, mwambie akuchapishie hesabu ya masomo ya msingi peke yake.

La tatu, moyo. Nimekuwa msaidizi wa kocha chuo cha miaka miwili hapa Kansas misimu sita. Nikienda kumtazama kijana, dunki siziandiki. Nilikuwa nakaa ng'ambo, nikitazamana na benchi lao, na daftari dogo. Akitolewa anakaa wapi, jirani na kocha au kule mwisho na chupa ya maji? Akinyang'anywa mpira, hatua zake tatu za kwanza anarudi kukaba au anamgeukia refa na mikono juu? Timu ikiwa nyuma pointi 20 bado anaongea na wenzake? Niliwahi kuacha kijana mwenye pointi 30 kwa sababu mama yake alimletea maji akayapokea bila kumtazama. Wenzangu walinicheka. Mwaka uliofuata alifukuzwa chuo kingine.

Mimi ningeenda chuo cha miaka miwili. Bure, muda wa kucheza upo, miaka miwili ya kubadilishwa kutoka senta kuwa gadi. Jimmy Butler alianzia chuo cha miaka miwili cha Tyler huko Texas, ndipo akaenda chuo kikuu cha Marquette, 2011 akachaguliwa wa 30 NBA.

Mchambuzi_DSM, Jumanne saa 3 usiku

Kocha kwa heshima, kila mtu wa vyuo hivyo anamtaja Butler. Mtaje wa pili.

KochaSeif, Jumanne saa 3 usiku

Na kila mtu wa Dar anamtaja Thabeet.

Mchambuzi_DSM, Jumanne saa 3 usiku

Kwa sababu ni wa kwanza kutoka Tanzania! Mchezaji bora wa ulinzi ligi ya vyuo ya Big East misimu miwili mfululizo, 2008 na 2009. Tuheshimu.

Njoro_254, Jumanne saa 4 usiku

Yeye alichaguliwa wa pili, wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, nyota wote wawili. Memphis waliomchukua Thabeet bado wanalia.

Mchambuzi_DSM, Jumanne saa 4 usiku

Hayo ni makosa ya Memphis, si ya kijana. Mtu kaanza kushika mpira akiwa na miaka kama 15, ulitaka awe anapiga pointi tatu?

Lushois_Lex (Lexington, Kentucky), Jumanne saa 5 usiku

Ba ndugu, munaongea Thabeet na Butler, lakini mutoto wa Lubumbashi munamusahau. Oscar Tshiebwe. Hapa Kentucky, msimu wa 2021-22, ribaundi 15.1 kila mechi, akapewa mchezaji bora wa vyuo Amerika yote. Na hakuwa murefu kupita wote, futi 6 na inchi 9. Ribaundi ni moyo. Papa, muangalie mutoto yako kama anafuata mupira ambao si yake.

Tena muna bahati na green card. Oscar alikuwa na visa ya mwanafunzi, pesa za matangazo kwa jina na picha yake alishindwa kuzipata akiwa hapa, ikabidi azifanyie Bahamas timu ilipoenda kule 2022. Mutoto wako atasaini hapahapa.

Njoro_254, Jumanne saa 5 usiku

Na bado 2023 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Mchezaji bora wa nchi nzima! Ndiyo maana nasema soma.

MamaTumaini, Jumatano saa 3 asubuhi

Nimesoma hili jambo la shule ya maandalizi nikakosa usingizi. Baba, naomba unisikilize.

Mdogo wangu alikuwa futi 6 na inchi 7. Walitupigia kama walivyokupigia wewe, sauti nzuri, "familia", "tunasali pamoja kabla ya mazoezi". Jina la shule silitaji. Tulichanga kanisani, wengine waliuza pete, tukatoa dola 9,000 kwanza. Nilimpeleka mwenyewe. Ile shule ilikuwa nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu, vijana 14, magodoro chini, na kila godoro miguu imepita mwisho iko sakafuni. Jikoni friji mbili, moja imefungwa kwa kufuli. Nikauliza madarasa yako wapi, nikaonyeshwa meza yenye kompyuta nne. Nikajiambia ndiyo Marekani ilivyo, nikamwacha. Hilo sijawahi kujisamehe.

Mwezi wa pili kocha ndiye dereva, ndiye mpishi, ndiye mwalimu wa hesabu. Wali na tambi, tambi na wali. Walizunguka majimbo kwa gari dogo la abiria wakicheza mechi tatu kwa wikiendi, na mdogo wangu aliumia kifundo cha mguu akafungwa plasta ya dukani akacheza tena Jumapili. Alikuwa na moyo, msiseme hakuwa nao. Alikuwa ananipigia saa kumi alfajiri akiwa anaruka kamba nje.

Mwisho wa mwaka chuo kimoja cha D1 kikapiga simu kweli. Nililia kwa furaha. Wiki mbili baadaye wakaomba alama, na ile shule haikuwa imekubaliwa na NCAA. Alama zote za mwaka ule, bure. Simu ikakatika. Leo anaendesha lori, ana watoto wawili, na mwezi wa tatu mashindano ya vyuo yakianza anaondoka sebuleni.

Kwa hiyo ukituma hata dola moja kabla hujahakikisha hiyo shule inatambuliwa na NCAA, nitakuja Iowa mwenyewe.

KochaSeif, Jumatano saa 4 asubuhi

Pole sana dada. Naongezea tu: hata ile iliyo halali haitibu alama. Akishahitimu sekondari kwa wakati, D1 wanamruhusu kuongeza somo moja tu la msingi. Moja. Anayekwambia mwaka mmoja utafuta miaka minne anauza.

Mchambuzi_DSM, Jumatano saa 5 asubuhi

Dada pole. Ila zipo nzuri. Joel Embiid wa NBA alipita shule ya Montverde huko Florida, Pascal Siakam naye alipita shule ya maandalizi Texas.

Lushois_Lex, Jumatano saa 5 asubuhi

Embiid ni futi 7 bwana.

BabaWatano, Jumatano saa 9 alasiri

Asanteni wote, MamaTumaini Mungu akubariki. Nimetoka shuleni. Mshauri amechapisha: masomo ya msingi anayo 13 mpaka sasa, matatu yako njiani yataisha Mei. Wastani wa hayo ni 2.24.

Kuhusu moyo nitawaambia nilichokiona, mpime ninyi. Januari theluji ilianguka mpaka magotini. Narudi kazini saa 12 asubuhi, namkuta uwanja wa bustani ya mtaa, ana koleo la jirani, anasafisha theluji. Machozi yalinitoka ndani ya gari. Nikakaa nimtazame. Alisafisha mpaka mstari wa mitupo huru tu, akaweka simu kwenye kopo, akajirekodi anatupa kama mara kumi, akarudi ndani kulala. Ile video ina watu 4,000. Sasa huo ni moyo au si moyo?

Mazoezi ya vyuma anachelewa. Nikimpeleka na gari anaenda, nisipompeleka ana sababu. Lakini mdogo wake wa kike akicheza, yeye ndiye anakaa mstari wa mbele anampigia kelele akabe.

Njoro_254, Jumatano saa 10 jioni

4,000? Chaneli gani nimfuate 😂

KochaSeif, Jumatano saa 1 usiku

2.24 ni kamba ya uzi. D1 hafiki bila kupandisha alama za Mei, msiitegemee. D2 inapita kwa nywele, na yale masomo matatu ya Mei akilegea hata moja inakatika. Mitupo huru mingapi kwa kumi? Bado hujanijibu.

Theluji: aliamka, na alikuwa peke yake. Mara kumi ni chache. Siwezi kumhukumu.

Lushois_Lex, Jumatano saa 2 usiku

Papa, yeye mwenyewe anasema nini? Siku tatu tunaongea, mutoto hatujamusikia.

BabaWatano, Jumatano saa 3 usiku

Nimemuuliza leo tukila. Amesema "zote sawa tu, baba."

MamaTumaini, Jumatano saa 3 usiku

Muulize usipokuwepo wewe. Namaanisha, mtu mwingine amuulize. Mtoto wa mtu anayefanya kazi usiku hawezi kumwambia baba yake kwamba hataki kitu.

Mchambuzi_DSM, Jumatano saa 4 usiku

Au anataka sana anaogopa kusema. Wa kwetu hawasemi.

KochaSeif, Alhamisi saa 2 asubuhi

Mpigie kocha wa D2 leo, muombe wiki mbili. Kocha anayemtaka mtu kweli anatoa wiki mbili. Muulize pia nusu hiyo ni ya mwaka mmoja au inaendelea. D2 wana ufadhili kama wa watu 10 tu wa kugawana timu nzima, kwa hiyo nusu si dharau, lakini iwe kwa maandishi. Na nipe namba ya kijana kwa ujumbe wa ndani, nitaongea naye mimi.

BabaWatano, Alhamisi saa 11 jioni

Nimepiga. Ametoa mpaka Jumatano ijayo, si wiki mbili. Kuhusu mwaka, amesema "tutaangalia". Namba nimekutumia, Kocha. Shule ya maandalizi nimewaambia wasipige tena, wamepiga mara mbili.

Mitupo huru ni sita kwa kumi. Anasema saba.

Njoro_254, Alhamisi saa 12 jioni

Sita 😬

BabaWatano, Alhamisi saa 12 jioni

Wakati tunasubiri, kuna mwenye kujua viatu namba 15 vinapatikana wapi kwa bei ya mtu wa kawaida? Hivi alivyonavyo vimeachia soli mbele, anavifunga na tepu.

Lushois_Lex, Alhamisi saa 1 usiku

Hapa Lexington kuna duka ya mitumba karibu na chuo, bale batoto ba timu wanaacha viatu mupya kabisa. Kesho napita. Ni 15 ya mwanaume, eeh?